Namba Chini ya Unyayo

Tulia, Kitui
11 Februari 2024

Kwa dada Wavinya,

Nitaanza na dai langu, salamu zifuate, usije ukasema baadaye kwamba nilikulainisha kwanza kwa habari za nyumbani. Ninadai hivi: sanamu isiyo na namba ni kidoli tu, na kidoli hakiwezi kuitisha bei ya sanamu hata kikichongwa na malaika. Dai hili nitalitetea mbele yako, mbele ya mteja wetu wa Nairobi, na mbele ya yeyote mwenye subira ya kusikiliza hoja hadi mwisho wake, sifa ambayo katika ukoo wetu imekuwa adimu.

Sasa salamu. Huku hatujambo. Mvua ya Desemba ilitupa ndengu za kutosha na mbaazi za kuonja. Mwaitu, yaani mama yangu na mama yako mdogo, ni mzima isipokuwa goti. Wiki jana alisafiri tena kwenda kwenye ushirika wa akina mama wa kanisa huko kwenu Makueni. Amekuwa mwaminifu kwa ushirika huo kuliko mchungaji mwenyewe.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu imenishinda. Kila ninapoikaribia hoja yenyewe, wewe husema netiweki ya Emali imekatika. Karatasi haikatiki. Itakuja ndani ya kasha moja na sampuli ninazokurudishia, na itakubidi uiondoe ndipo uzifikie.

Tulikubaliana vizuri mwaka jana. Mimi nachonga umbo la kwanza kwa udongo na kupanga viungo, bega na kiwiko na goti, ili mkono uvute upinde bila mwili kuanguka. Wewe una kalibu za kumiminia plastiki, una rangi, una wasichana wawili wenye mkono mwepesi. Mpiga Mshale ndiye wa kwanza katika safu ya mashujaa watano. Mteja wetu, anayewauzia watu wazima wanaokusanya sanamu kama wengine wakusanyavyo stempu, atalipa shilingi elfu nne na mia tano kwa kila moja kwa sharti kwamba zitoke mia mbili pekee, kila moja na namba yake chini ya unyayo wa kushoto, kisha kalibu ivunjwe. Akiridhika na huyu, atachukua na wale wanne. Nilikupa umbo lenye nafasi ya namba. Za kwanza ulizipiga namba vizuri tu. Sasa umeniletea sampuli tatu zenye unyayo laini kama wa mtoto mchanga.

Kwa nini? Nijibu kwa hoja.

Nduguyo,
Mwau

*

Emali, Makueni
3 Machi 2024

Mwau, mwana wa mama,

Wewe umenidai kabla ya kunisalimu. Mimi nitakusalimu kabla ya kukujibu, maana wengine tulilelewa. Hamjambo huko? Sisi tuko. Kathini wangu ameingia kidato cha kwanza, na sanduku lake lilikuwa zito kumliko yeye. Shemeji yako Mutisya bado yuko na malori ya saruji, anakuja nyumbani akiwa mweupe kama mzungu. Goti la mama mdogo lisuguliwe, lisikandwe kwa maji ya moto. Mwambie ndengu zilikuwa tamu, nilizipika na muthokoi, mahindi ya kukobolewa, tukamaliza sufuria.

Kazi ni nzuri, Mwau. Hilo nalisema kwanza ili likuingie kabla hujakasirika. Aftin wa duka la vitambaa hapo jirani aliishika moja, akaigeuzageuza, akasema, "Huyu jamaa ananitazama kama namdai." Binti yake, Hodo, alikunja kiwiko na kukikunjua mpaka nikaogopa kitang'oka. Hakikung'oka. Ndipo Aftin akauliza bei. Nikamwambia. Akacheka akashika ukuta. "Wavinya, kwa pesa hiyo mimi nanunua mbuzi, na mbuzi viungo vyote vinasogea na hula mwenyewe."

Kuhusu namba: sitaweka. Uso ule siupigii namba. Unajua vizuri kwamba kwetu mtu hahesabiwi. Punguza bei utakavyo, mwambie mteja wako lolote, wewe ndiye uliyesoma maneno.

Na mimi nina swali. Uso ule ulimwuliza nani kabla ya kuuchonga?

Dadako,
Wavinya

*

Tulia
24 Machi 2024

Dada Wavinya,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji Mutisya na kwa Kathini, ambaye ningemshauri asome kila kitu isipokuwa barua za mamake. Hapa Tulia soko limelala. Mwaitu amerudi kutoka safari nyingine ya ushirika, mchovu lakini mtulivu kuliko alivyoondoka, jambo ambalo sijawahi kuliona likitokana na mahubiri. Nilipomwuliza ni ndengu zipi ulizozisifu, alisema alimpa mtu wa kanisa akuletee. Haya.

Umeniletea mwiko nami nitaujibu kama mwiko. Ni kweli babu hakuwahesabu mbuzi wake. Alisimama mlangoni pa zizi wakipita, na aliyekosekana alimjua kwa rangi. Ni kweli pia kwamba bibi alipoulizwa ana watoto wangapi alijibu, "Njoo wakati wa chakula uwaone." Nimesoma yaliyoandikwa kuhusu mwiko huu, wa kwetu na wa mataifa mengine, na wote wanakubaliana kwamba ulikuwa kinga dhidi ya kijicho. Lakini wewe, Wavinya, ni katibu wa kanisa. Kila Jumapili husimama ukatangaza wanaume waliohudhuria ni kadhaa, wanawake kadhaa, watoto kadhaa. Karani wa sensa alipokuja ulimkaribisha chai. Mwiko unaolala Jumapili na kuamka Jumatatu si mwiko. Ni kisingizio.

Tena umeuelewa kinyume. Namba haimpunguzi mtu, humtenga na umati. Sanamu mia mbili zisizo na namba ni umati wa sokoni, ukiibiwa moja huijui. Yenye namba yake ni moja duniani, haina pacha, na aliyeinunua atailinda kwa sababu hakuna ya kuiziba nafasi. Hicho ndicho mteja anacholipia. Halipii plastiki. Analipia kutorudiwa.

Umeuliza nilimwuliza nani. Sikumwuliza mtu. Ndiyo, uso ni wa kaka yangu Kiema, na huhitaji kuzungukazunguka kama anayekanyaga miiba. Nyusi ya kushoto imekatika pale alipoangukia jembe. Mdomo wa chini ameuuma, alivyouuma kila alipolenga kanga kule bondeni akiwa na upinde wa mti wa mkwaju. Nimemchonga kutoka kichwani mwangu kwa sababu sina pengine pa kumtoa. Lori alilokuwa tanboi wake, msaidizi wa dereva, lilipopinduka Kambu, mimi nilikuwa kwenye mtihani wa mwisho wa chuo kikuu, na simu yenu ilinifikia alipokwisha kufunikwa udongo. Ninyi mlimwona. Mliimba. Mlitupa kila mtu konzi yake ya udongo. Aliyenyimwa mazishi ana haki ya kuchonga, wala haombi ruhusa kwa waliozika.

Sitaongeza neno juu ya hilo. Weka namba.

Mwau

*

Emali
9 Juni 2024

Mwau,

Hamjambo nyote. Nimechelewa kukujibu. Ningesema ni mvua, na kweli mvua ya Aprili ilikula barabara mpaka malori yakalala hapa Emali kama ng'ombe, lakini sitaisingizia mvua.

Makasha manne yanakuja na gari la Kitui. Ndani ni Mpiga Mshale wote mia mbili kasoro mmoja, wamepakwa rangi, kila upinde na uzi wake. Namba hazipo. Zile za kwanza zilizokuwa nazo niliziziba na kuzipiga msasa kwa mkono wangu mwenyewe, wasichana niliwatuma nje. Huyo mmoja nimebaki naye, usimtafute kwenye hesabu yako.

Kwa bei, mimi naona elfu moja na mia mbili. Mteja wako akikataa, nitawauza hapa dukani, wasafiri wa Loitokitok hupita wakiwa na watoto.

Umeniita mtu wa visingizio. Sawa. Nilimwahidi mtu kwamba sitasema, na mimi nikiahidi huwa nimeahidi. Kalibu sijaivunja wala sitaivunja.

Wavinya

*

Tulia
30 Juni 2024

Dada Wavinya,

Natumaini hamjambo. Mwaitu yuko safarini tena. Mimi sijambo kwa maana ile tu kwamba ninasimama wima.

Mteja alifungua kasha la kwanza, akageuza mguu wa Mpiga Mshale, akamrudisha kwenye kasha. Nilikuwa nimesimama mbele yake. Alisema, kwa upole uliouma kuliko tusi, kwamba kazi ni nzuri sana lakini yeye hauzi vidoli. Mashujaa wanne waliobaki, ambao nimewachora tangu mwaka juzi, ameniambia niwapeleke kwingine. Hakuna kwingine. Kwa hiyo kazi yetu imekufa, na kilichoiua ni msasa mkononi mwako.

Elfu moja na mia mbili! Unajua hiyo ni bei ya nini? Ni bei ya viatu vya mitumba. Umekaa dukani na kalamu sikioni ukaamua kwamba kaka yangu anatoshana na viatu vya mitumba.

Na si hilo tu. Mwalimu Kyule, niliyesoma naye, alipita Kambu wiki iliyopita. Anasema alimwona Mpiga Mshale amesimamishwa juu ya jiwe kando ya barabara, karibu na akina mama wauza vitunguu. Alitaka kumnunua, hakumpata wa kumwuzia. Kambu, Wavinya! Katika barabara yote iendayo Mombasa, hukupata mahali pa kumpangia biashara Kiema isipokuwa pale pale lori lilipomlalia, kati ya vitunguu na chupa za asali?

Sasa naelewa kwa nini kalibu haivunjwi. Naelewa "mtu" uliyemwahidi ni nani. Ni mnunuzi mwingine, naye anazitaka bila namba ili uzimimine mpaka uchoke. Nitakuita jina unalostahili: mwizi. Hukuiba fedha, fedha ningekusamehe. Umeiba thamani ya kitu kilichobaki peke yake.

Kama nimekukosea, nitajie jina la mtu huyo.

Mwau

*

Emali
8 Septemba 2024

Mwau,

Umeniita mwizi. Barua hiyo niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikaiweka chini ya mzani, nikauza sukari siku nzima juu yake. Nilikaa nayo hivyo Julai yote na Agosti. Wiki hii nimemwambia niliyemwahidi kwamba mzigo umenishinda, akasema, "Basi mwambie."

Jina lake ni mama yako.

Alikuja hapa Januari na ndengu kichwani, anasema anapita tu. Mpiga Mshale wa kwanza alikuwa amekauka kwenye rafu. Alimwona toka mlangoni. Hakuuliza ni nani. Alimshika, akampangusa kwa leso, akamkunja kiwiko, akacheka kidogo, Mwau, akasema, "Tazama alivyouma mdomo, kanga wanakimbia." Mimi nikafurahi. Nikamwambia, mgeuze uone, kuna namba, ndiyo inayoleta bei. Akamgeuza.

Sijui kama nitaliandika vizuri. Alikaa chini sakafuni palepale, mtu wa goti bovu. Akasema, "Hata wewe, Wavinya? Hata wewe umemfunga namba?"

Wewe unadhani sisi tulimwona Kiema. Hatukumwona. Jeneza halikufunguliwa. Aliyeingia chumba cha maiti ni mama yako peke yake, kwa sababu walitaka mzazi au ndugu wa tumbo moja. Uso haukuwa wa kuonyeshwa mama. Mhudumu alifunua shuka upande wa miguu tu. Kwenye kidole kikubwa cha mguu wa kushoto palikuwa na kikaratasi kimefungwa kwa uzi, kina namba. Akamwambia, "Mama, nisomee namba nione kama ni yenu." Akasoma. Akatia sahihi. Ndivyo alivyopewa mtoto wake. Tangu siku ile alikuwa hajauona uso wa Kiema mpaka alipouona kwenye rafu yangu.

Nikamwuliza, kwa nini usimwambie Mwau aitoe? Akasema, "Mwau ataniletea kitabu."

Huo ndio ushirika wa akina mama wa Makueni. Alikuwa akija, nampa kigoda nyuma ya kaunta, anamweka Mpiga Mshale mapajani, anakunja mkono, anakunjua. Aftin alimtumia chai ya maziwa bila kuulizwa. Wa Kambu hakuwa wa kuuza. Ndiye yule niliyebaki naye. Mwezi Juni mama yako alimpeleka mwenyewe, akamsimamisha kwenye jiwe, akarudi. Wale wauza vitunguu wanajua, ndiyo maana hawakumpa Mwalimu Kyule bei. Na kalibu siivunji kwa sababu mvua na jua vitammaliza yule wa Kambu, na mama yako atataka mwingine.

Nilijificha nyuma ya mwiko wa kuhesabu kwa sababu niliona utaupenda. Una majibu yake.

Umempa mama yako uso, Mwau, halafu ukamrudishia namba. Hukujua. Lakini hukuuliza pia.

Najua utakachouliza sasa. Utauliza ni nani aliyesema usiitwe siku ile. Hilo sitaliandika.

Dadako,
Wavinya

*

Tulia
29 Septemba 2024

Wavinya,

Safari hii sitaweka salamu, na dai nitaliweka mwisho.

Nilipomaliza kuisoma barua yako nilimwendea Mwaitu. Alikuwa uani anapepeta ndengu. Niliketi juu ya debe lililopinduliwa. Sikuleta kitabu. Nilimwambia, "Ni mguu upi?" Akasema, "Wa kushoto," akaendelea kupepeta. Baada ya muda akasema makapi yananiingia machoni, nisogee. Nikasogea. Hayo ndiyo mazungumzo yote tuliyopata mimi na yeye kuhusu kifo cha Kiema tangu afe.

Neno mwizi nalifuta. Nililiandika kwa wino, kwa hiyo nalifuta kwa wino.

Lakini usidhani dai langu la Februari limejibiwa. Halijajibiwa na mtu yeyote. Bado nasema sanamu isiyo na namba haina bei. Basi na isiwe nayo. Nimemwandikia mteja kwamba yamekwisha kati yetu, na sababu sikumpa. Makasha manne yako chini ya kitanda changu. Hayatauzwa kwa elfu nne na mia tano, wala kwa elfu moja na mia mbili, wala kwa wasafiri wa Loitokitok. Akiharibika wa Kambu, Mwaitu atachukua mwingine chini ya kitanda, na akiwamaliza wote, ndipo utakapomimina. Wale mashujaa wanne nimewafungia kabatini. Usiniulize habari zao.

Sasa hilo ulilokataa kuliandika.

Wewe umekasirika kwamba nilimchonga mtu bila kuuliza. Nakubali hasira yako, kisha nakurudishia. Kuna waliokaa siku moja, pengine juu ya viti vya plastiki, pengine chai mkononi, mmoja wao akasema, "Mwacheni Mwau amalize mtihani kwanza." Wengine wakatikisa kichwa. Walipima kwa upande mmoja shahada na kwa upande mwingine mazishi ya kaka yangu, wakaona vinalingana. Nami nilikuwa siku hiyo nikijibu swali la pili, la uchaguzi, kuhusu jinsi jamii inavyopanga thamani. Nilipata alama nzuri. Shahada yenyewe imetundikwa sebuleni kwenye fremu ya dhahabu mliyoinunua kwa kuchanga, na kila mgeni anaposema "Hongera," mimi hutazama chini.

Kama ningaliitwa, ningaliingia chumba kile badala ya Mwaitu. Ningaliisoma mimi namba ile. Asingalikuwa na cha kukumbuka dukani kwako isipokuwa kanga wanaokimbia. Hilo mlilichukua kwake pia, wala si kwangu tu, na yeye hajawalaumu, kwa hiyo nitawalaumu mimi.

Dai langu la pili ni hili: bei niliyolipia shahada yangu ilipangwa na watu ambao hawakuniuliza kama ninanunua. Nitalitetea kama nilivyolitetea la kwanza.

Jumamosi ya pili ya Desemba tunaweka jiwe kwenye kaburi la Kiema. Litakuwa na jina lake, na halitakuwa na tarakimu yoyote, hata mwaka. Mwaitu ameomba hivyo nami sikubisha. Ukoo wote utakuwepo, na mchungaji, na Aftin nimemwalika. Usiniletee barua. Barua tumeandikiana za kutosha, na ndani yake kila mmoja wetu alipata mahali pa kujificha. Mchungaji akishamaliza kuomba, kabla chakula hakijapakuliwa, nitasimama kando ya jiwe niulize mara moja tu, kwa sauti: ni nani aliyesema Mwau asiitwe?

Kama ni wewe, simama. Kama ni shangazi au mjomba, msimamishe. Kama ni Mwaitu mwenyewe, nijibiwe vilevile, naye akiwa ameketi pale anasikia. Nijibuni mbele ya watu.

Mwau